Nyumba Mpya za Bukoba na Muleba

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Kaeni vizuri, fungueni madaftari, na kila aliye na kalamu aishike mkononi. Namwomba mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno matatu kabla hatujaanza: msonge, kiwanja, msingi. Nawe unayelisoma somo hili peke yako nyumbani, yaandike pembeni mwa ukurasa. Tutayahitaji.

Somo letu la leo ni historia ya nyumba. Pengine mmoja wenu atauliza, "Je, nyumba nayo ina historia? Si historia ni habari za wafalme na vita?" Naam, nyumba ina historia yake, na historia hiyo yatuhusu sana kuliko vita vingi, kwa sababu kila mmoja wetu hulala ndani yake.

Tembeeni katika mitaa ya Bukoba, kama vile Hamugembe, Kashai au Rwamishenye. Mtaona nyumba ya zamani ya udongo inabomolewa, na mahali pake panaletwa mchanga, kokoto, nondo na matofali ya saruji. Baada ya miezi kadhaa nyumba mpya imesimama, pengine ya ghorofa, tena imezungushiwa ukuta na geti la chuma. Nendeni Muleba, kando ya barabara kuu iendayo Biharamulo. Huko nako migomba inakatwa, na mahali pake panachimbwa misingi ya maduka na nyumba za kupanga. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu kama 81,000 katika mji wa Bukoba. Sensa ya 2012 ilihesabu karibu 129,000. Watu hao wote wanahitaji mahali pa kulala.

Watu wakiitazama nyumba mpya hutazama bati, rangi na madirisha. Leo nataka tutazame vitu viwili ambavyo mpita njia havioni. Cha kwanza ni haki ya kiwanja, yaani ardhi iliyo chini ya nyumba ni ya nani. Cha pili ni msingi, pamoja na jinsi kuta zilivyofungwa. Historia ya Kagera yatufundisha kwamba mapaa hubadilika kila kizazi, lakini watu hupoteza nyumba zao hasa kwa sababu ya mambo hayo mawili. Basi tuanze zamani.

1. Nyumba ya msonge

Nyumba ya asili ya Wahaya ni msonge. Ilikuwa ya mviringo, kubwa, nayo ilichongoka juu. Paa na ukuta vilikuwa kitu kimoja, kwa maana nyasi ziliezekwa kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi. Ndani palikuwa na nguzo nyingi za miti, na juu yake palifungwa matete na fito, duara juu ya duara, kama mtu anavyosuka kikapu. Hapakuwa na msumari hata mmoja. Kila kiungo kilifungwa kwa kamba.

Msonge ulijengwa katikati ya kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni. Nyasi za kuezekea zilikatwa katika rweya, uwanda wa nyasi ulio nje ya vibanja. Mtu hakujenga peke yake. Majirani walikuja, mwenye nyumba akawaandalia chakula na rubisi, na kazi ikafanyika.

Sasa ulizeni swali letu la kwanza: ardhi ilikuwa ya nani? Kibanja kwa kawaida kilikuwa cha ukoo. Wazee walizikwa mumo humo kibanjani, na kwa hiyo kukiuza kwa mgeni lilikuwa jambo zito. Lakini palikuwa na desturi nyingine iliyoitwa nyarubanja. Mukama, yaani mfalme, aliweza kumpa mtu wake mkubwa eneo zima pamoja na watu waliokaa humo. Watu hao waliitwa batwarwa. Walilima na kujenga, lakini walimtolea bwana wao sehemu ya mazao na kumtumikia. Wakikosana naye waliweza kufukuzwa. Mtwarwa aliweza kujenga msonge mzuri kuliko wote kijijini, na bado asiwe na uhakika wa kulala humo mwaka ujao.

Twaona basi kwamba tangu zamani nyumba nzuri na haki ya kukaa ndani yake yalikuwa mambo mawili mbalimbali.

2. Mji wajengwa kando ya ziwa

Mwezi wa Novemba 1890 Emin Pasha, aliyekuwa akiitumikia serikali ya Wadachi, yaani Wajerumani, alifika kando ya Ziwa Victoria akaanzisha kituo. Hicho ndicho kikawa mji wa Bukoba. Mwaka 1892 mapadre wa White Fathers walifungua misioni Kashozi, kaskazini ya mji. Katika vituo vya namna hiyo mafundi wengi wa nchi hii walijifunza kazi ya kufyatua na kuchoma matofali.

Mwaka 1897 serikali ya Wadachi ilitunga sheria ya kodi ya nyumba katika koloni lake. Fikirini maana yake. Nyumba, ambayo zamani ilimgharimu mtu jasho na kamba, sasa ilidaiwa fedha. Ili apate fedha hizo, mtu alipaswa kuuza kitu au kuuza nguvu zake. Kwa Wahaya kitu hicho kikawa kahawa. Kahawa haikuwa ngeni kwao, maana walikuwa wakiitafuna na kumkaribisha mgeni kwayo tangu zamani. Lakini sasa ilikwenda sokoni.

Tena msonge ulianza kusemwa vibaya. Katika nchi ya Kiziba palikuwa na ugonjwa wa tauni, na mwishoni mwa karne ya 19 madaktari wa Kijerumani, akiwamo Robert Koch mwenye sifa kubwa, waliuchunguza. Tauni huenezwa na viroboto vya panya, na panya hupenda kujificha katika nyasi. Kwa hiyo watawala na wamisionari walisifu nyumba ya pembe nne yenye madirisha, nao watu wenye uwezo wakaanza kuijenga.

Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, na meli zikaunganisha Kisumu na bandari nyingine za ziwa. Jambo hili lilibadili nyumba za Bukoba kuliko amri yoyote. Meli iliyochukua kahawa na ngozi iliweza kurudi na mabati, misumari, vioo na mapipa ya saruji. Wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu walijenga nyumba za mjini zilizopangwa mstari mmoja, ukuta kwa ukuta, duka mbele na makazi nyuma au juu. Nyumba hizo za mjini zilitazama barabara, hazikutazama migomba.

Vita navyo vilipita. Mwezi wa Juni 1915 majeshi ya Waingereza yalivuka ziwa, yakaushambulia mji na kuharibu ngome ya Wadachi na mnara wake wa simu ya upepo. Baadaye Waingereza wakaitawala nchi yote ya Tanganyika. Mwaka 1923 walitunga sheria ya ardhi iliyoiweka ardhi ya nchi chini ya mamlaka ya Gavana, na mtu aliweza kupewa hati ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99.

Lakini hati hizo hazikugawanywa sawasawa. Miji ya wakati huo ilikuwa na uzunguni, uhindini, na sehemu za Waafrika. Katika sehemu za Waafrika mara nyingi mtu alikaa kwa kulipa ada ndogo, bila hati ya miaka mingi. Kwa kuwa muda wake haukujulikana, aliogopa kuweka fedha nyingi katika kuta. Mgeni aliyepita alisema, "Tazama, hawa hawapendi nyumba nzuri." Hakuuliza habari za hati.

3. Kahawa na mabati

Mwaka 1950 wakulima walianzisha Chama Kikuu cha Ushirika cha Bukoba, ambacho Waingereza walikiandikisha kwa jina la Bukoba Native Co-operative Union. Miaka hiyo bei ya kahawa duniani ilikuwa imepanda sana. Fedha ziliingia vijijini, kutoka Kiziba mpaka Kamachumu na Nshamba katika Muleba ya leo. Watu walisomesha watoto, wakanunua baiskeli, na wengi wakajenga nyumba za bati.

Msiidharau nyumba ya bati. Bukoba hupata mvua nyingi, kama milimita 2,000 kwa mwaka, na nyasi za msonge zilioza upesi. Kila baada ya miaka michache ilibidi kuezeka tena, na rweya yenyewe ilikuwa ikipungua. Bati lilidumu, lilikinga maji safi ya mvua, na lilimpunguzia mama kazi. Lakini bati lilitaka ukuta ulionyoka, na ukuta huo ulijengwa kwa miti na udongo, au kwa matofali mabichi. Ndipo ile nyumba iliyofungwa kama kikapu ikaachwa, ikaja nyumba iliyopangwa tofali juu ya tofali. Kumbukeni jambo hili, maana tutalirudia.

Tena tusiwasahau wanawake. Katika miaka ya 1920 na 1930 wanawake kadhaa wa Kihaya waliondoka nchini mwao wakaenda Kampala, Nairobi na miji mingine. Baadhi yao walipata fedha kwa umalaya, nao walisemwa vibaya sana nyumbani. Lakini fedha zao wazazi wengi walizipokea. Zililipa madeni ya kina baba, zilinunua vibanja, na zilijenga nyumba. Kwa nini mwanamke alitafuta kununua? Kwa sababu katika mali ya baba yake fungu lake lilikuwa dogo na lenye masharti, na katika nyumba ya mumewe aliweza kuambiwa aondoke. Ardhi aliyoinunua mtu kwa fedha yake haikuhesabiwa sawa na ardhi ya ukoo. Kwa hiyo wanawake hawa walilijua swali la "kiwanja ni cha nani" kabla ya watu wengi waliowacheka.

4. Haki ya kiwanja baada ya Uhuru

Tanganyika ilipata Uhuru mwaka 1961. Mwaka 1965 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakomboa wapangaji wa nyarubanja. Mtwarwa akapata njia ya kuwa mwenye haki katika kibanja alichokilima. Baada ya hapo aliweza kujenga kwa matofali bila kuogopa kwamba anamjengea bwana wake.

Mwaka 1971 lilikuja jambo jingine kubwa. Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yaliyokuwa na thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Mengi yao yalikuwa mali ya watu wenye asili ya Kihindi mijini. Yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 kazi hiyo ikaingia katika Shirika la Nyumba la Taifa. Kulikuwa na waliofurahi, kwa kuwa kodi za nyumba zilikuwa zikiwaumiza. Kulikuwa na waliolia, kwa kuwa waliyoyajenga maisha yao yote yalipotea kwa siku moja. Sisi leo hatuhukumu. Twaangalia tu kwamba kuta za majumba yale zilikuwa nene na imara, na kuta nene hazikuwasaidia wenyewe sheria ilipobadilika.

Mwaka huo huo wa 1971 ilitungwa Sheria ya Ndoa. Ndani yake imo kanuni ambayo kila mume na kila mke yafaa aijue: mmoja wao hawezi kuiuza wala kuiweka rehani nyumba wanayoishi bila ridhaa ya mwenzake.

Sasa sikilizeni kisa cha Muleba. Mwezi wa Agosti 1988 mwanamke mmoja mzee wa wilaya hiyo aliuza ardhi ya ukoo aliyoachiwa na baba yake kwa wosia. Alikuwa amezeeka, hana wa kumtunza, akamwuzia mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Ndugu mmoja wa ukoo akamshitaki mara moja. Alisema kwamba kwa sheria ya mila ya Wahaya, iliyoandikwa na serikali mwaka 1963, mwanamke aweza kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini hawezi kuiuza. Mwanamume aliweza.

Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana na ndugu yule, ikafuta mauzo. Mahakama ya Wilaya ikageuza hukumu ile. Kesi ikafika Mahakama Kuu, Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya. Mwaka 1990 Jaji alitoa hukumu. Alisema kwamba haki za binadamu ziliwekwa katika Katiba yetu mwaka 1984, na Katiba inakataza kumbagua mtu. Kanuni inayomruhusu mwanamume kuuza na kumkataza mwanamke kwa sababu tu ni mwanamke haiwezi kusimama. Basi mwanamke ana uwezo wa kuuza kwa masharti yale yale ya mwanamume. Wenye ukoo wakitaka ardhi isitoke mikononi mwao, wailipie fedha na kuikomboa, kama ambavyo wangefanya kama mwuzaji angekuwa mwanamume.

Kwa nini nawaeleza kisa hiki katika somo la nyumba? Kwa sababu viwanja vya leo ni vibanja vya jana. Mji unapokua huingia katika migomba ya watu. Kila nyumba mpya kando ya barabara ya Muleba, na nyingi pembezoni mwa Bukoba, imesimama mahali ambapo mtu fulani aliuza, au baba fulani aligawa urithi. Kama aliyeuza hakuwa na haki, au kama dada yake aliyekuwa na haki hakuulizwa, nyumba mpya imejengwa juu ya ugomvi.

Tena mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa hapa Kagera. Katika miaka iliyofuata wazazi wengi walifariki wakiwa vijana. Wajane na yatima walibaki katika nyumba za bati za wakati wa kahawa, na si wote walioachiwa na ndugu wa marehemu. Hapo ndipo karatasi iliyoandikwa na kutiwa saini, wosia au hati, ilipokuwa na thamani kuliko bati.

Mwaka 1999 zilitungwa Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Zinasema wazi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kuuza haki ya ardhi. Mwaka 2008 ikatungwa sheria ya kumiliki sehemu ya jengo, ili watu kadhaa waweze kuwa na nyumba zao katika jengo moja, kila mmoja na hati yake. Sheria hiyo yazihusu nyumba za ghorofa na nyumba zilizoungana ukuta, ambazo mjini zitazidi kuwa nyingi.

5. Siku ya tetemeko

Sasa tufike kwenye msingi. Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, kama saa tisa na nusu alasiri, nchi ilitikisika katika Kagera. Tetemeko lilikuwa na kipimo cha 5.9. Watu zaidi ya 15 walifariki dunia, na zaidi ya 200 walijeruhiwa. Maelfu ya nyumba ziliharibika. Katika mji wa Bukoba, Hamugembe ni mojawapo ya mitaa iliyoumia sana. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya, na wanafunzi wakaondolewa. Usiku ule na siku zilizofuata familia nyingi zililala nje.

Tetemeko si jambo geni katika nchi yetu. Tupo karibu na Bonde la Ufa. Mwezi wa Desemba 1910 Rukwa ilipata tetemeko lililo miongoni mwa makubwa kabisa katika Afrika kwa karne yote ya 20. Kwa hiyo tusiseme, "Limepita." Lililotokea mara moja laweza kutokea tena, na hakuna ajuaye siku.

Kwa nini nyumba za udongo na matofali zilianguka? Tufanye jaribio hapa darasani. Chukueni viberiti kumi. Vipangeni juu ya ubao, kimoja juu ya kingine, mfano wa ukuta. Bonyezeni kutoka juu: ukuta wasimama. Sasa utikiseni ubao kushoto na kulia. Mnaona? Umeanguka. Ukuta wa matofali waweza kubeba mzigo mkubwa unaoshuka, lakini ukisukumwa kutoka kando hauna nguvu, hasa ikiwa matofali yameunganishwa kwa udongo au kwa saruji kidogo mno.

Sasa vipangeni tena, mkavifunge kwa uzi, mara moja chini, mara moja katikati, mara moja juu. Tikiseni ubao. Safari hii ukuta wote waenda pamoja na kurudi pamoja. Uzi ule ndio nondo. Ndio mkanda wa zege unaozunguka nyumba yote juu ya milango na madirisha, ambao mafundi huuita linta. Linta iliyokatika katikati, au iliyowekwa juu ya mlango mmoja mmoja tu, ni kama uzi uliokatwa.

Kumbukeni msonge. Wazee hawakuwa na saruji, lakini walifunga kila kiungo, na nyumba ya fito hupinda nchi ikitikisika, kisha hurudi. Sitaki kusema turudi katika msonge. Nyasi hazipo za kutosha, na moto na panya twavijua. Nasema tu kwamba tulipoacha kufunga kwa kamba, ilitupasa tuanze kufunga kwa nondo. Wengi wetu tuliipokea nyumba ya matofali bila kupokea mkanda wake. Mtu alinunua bati zuri na rangi ya gharama, akaokoa fedha katika saruji na chuma, kwa sababu bati jirani ataliona na chuma hataliona.

Jambo la pili ni mahali. Mji wa Bukoba una bonde lenye udongo laini, na Mto Kanoni hupita humo kwenda ziwani. Udongo laini wenye maji hutikisika zaidi kuliko mwamba. Tena maji yenyewe hurudi. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda kufikia kimo kikubwa kama kile cha mwaka 1964, na nyumba za pwani ya ziwa katika nchi zote tatu zinazolizunguka zikaingiliwa na maji. Kiwanja cha bei rahisi bondeni huenda kikawa ghali sana siku ya mvua. Kabla ya kununua, mwulize mzee wa mtaa: "Maji yalifika wapi mwaka ule?"

6. Utafanya nini?

Ndugu mwanafunzi, pengine wewe huna fedha za ghorofa. Lakini pengine una kibanja kidogo ambacho mtu anataka kukinunua ajenge. Au wewe ni mjane unayekaa katika nyumba ya marehemu mumeo. Au umeweka akiba utengeneze vyumba viwili vya kupangisha. Siku moja italetwa karatasi mbele yako, na mtu mwenye haraka atakuambia, "Weka dole gumba hapa." Siku hiyo kumbuka somo hili.

Usitie dole wala saini mpaka umesoma mambo matano. Soma jina la mwenye ardhi, uone kama ni lako na limeandikwa sawasawa. Soma mipaka, nani yuko kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Soma bei, kwa tarakimu na kwa maneno. Soma majina ya mashahidi, nao wawepo. Mwisho, tazama kama mke au mume ametia saini yake. Kijijini, uliza kama Halmashauri ya Kijiji imekubali. Mjini, uliza katika ofisi ya ardhi kama kiwanja kimepimwa na hati ni ya nani.

Ukijenga, omba kibali cha ujenzi kwanza. Kisha simama hapo fundi anapochimba msingi, uone kina chake. Simama hapo anapochanganya saruji, uhesabu mifuko na ndoo za mchanga. Uone nondo zikifungwa kuzunguka nyumba yote kabla zege halijamwagwa. Kama fedha hazitoshi, jenga vyumba viwili vyenye mkanda kamili kuliko vinne visivyo nao. Rangi yaweza kungoja mwaka ujao. Linta haiwezi kuwekwa baada ya ukuta kwisha bila kubomoa.

Mwaka 1968 mkoa huu, ambao wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi, ulikuwa mmoja wa mikoa minne ya kando ya ziwa na Shinyanga iliyochaguliwa kwa majaribio makubwa ya kisomo cha watu wazima, kwa msaada wa UNESCO. Wazee wetu walijifunza kusoma wakiwa na jembe mkononi, kwa sababu kisomo kile kilihusu kazi zao, kama kilimo cha migomba. Ninyi nanyi mnasoma kwa kazi zenu. Hati ya kiwanja ni kitabu kifupi, nacho hupasa kisomwe na mwenyewe.

Wiki ijayo tutaendelea na historia ya ushirika wa kahawa. Mpaka hapo, kwaherini.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Msonge ulijengwaje? Taja faida mbili na hasara mbili za nyumba hiyo.
2. Kwa nini mtwarwa hakuwa na uhakika wa nyumba yake? Sheria ya mwaka 1965 ilibadili nini?
3. Reli na meli zilibadilije nyumba za Bukoba?
4. Eleza kwa maneno yako hukumu ya mwaka 1990 juu ya ardhi ya Muleba. Je, mnaikubali? Wanawake waseme kwanza.
5. Katika mtaa wenu nyumba ngapi zina linta inayozunguka nyumba yote? Nendeni mkazihesabu, mlete majibu yaliyoandikwa.
6. Andika karatasi ya mauzo ya kiwanja cha kubuni, yenye mambo yote matano tuliyoyataja. Mpe jirani yako aisome na kutafuta makosa.